Mfereji wa Kifuani

Jana usiku niliota nimesimama ndani ya kifua changu mwenyewe.

Daktari alishaniambia kwamba upande mmoja wa moyo haupati damu, mishipa imeziba, na uzee wangu huu hauwezi kisu. "Labda mwili uchipuze mishipa mipya wenyewe," alisema. "Panapokosa damu huwa panaita."

Basi panaita kweli. Ukuta wa moyo umepauka kama shamba la mwisho wa mfereji, unaita kama mtu wa ng'ambo ya bonde: "Wee! Leteni maji!"

Unatokea mshipa, mwembamba kama uzi, hauna macho, umebeba jembe.

"Nimekuja kuchimba," unasema. "Ila ini limekataa nisipite kwake. Linasema limeshakuvumilia vya kutosha."

"Sasa?"

"Tutafute chanzo kwingine."

Mara tuko chumbani kwa mdogo wangu Nakijwa, aliyenipa kitanda nilipochoka kuzurura. Amelala, mkono umening'inia. Mshipa unatambaa sakafuni kuufuata.

"Huyu ana damu nzuri."

"Huyo mwache."

"Moyo wako hautafika asubuhi, mzee."

"Mwache, nimesema! Chukua kwangu."

"Kwako wapi? Wewe kila mahali ulikuwa mgeni."

Nikanyoosha mguu wa kushoto. "Huu umetoka Kigoma mpaka Lindi. Chimba hapa."

Mshipa ukaunusa mguu, taratibu, kuanzia kisigino. "Nikianza, hautatembea tena."

Niliupapasa ule mguu. Halafu nikasema, "Chimba."

Haikuuma. Nilisikia tu barabara zikipanda pajani moja moja, ile ya Uvinza, ile ya Masasi, na nyingine nilizosahau majina, zote na vumbi lake, zikiingia kifuani. Ukuta ukaanza kuwa mwekundu. Ukanyamaza.

Nikaamka kumeshakucha. Kifua hakiumi. Mguu wa kushoto ni baridi kama sakafu. Nauambia sogea, hausogei.

Nakijwa akagonga mlango.

"Kaka! Unatembea-tembea nini humo tangu alfajiri? Njoo, chai inapoa."

Nilikuwa nimelala chali. Nikaweka kiganja kifuani, nikasikiliza na mimi hizo hatua.