Marehemu Kaoa

Cuihe alikuwa anakatakata machipukizi ya mianzi wakati mumewe marehemu alipoingia kwa mlango wa nyuma, akakung'uta viatu, akakaa kwenye kigoda chake.

"Leo kuna nini?"

"Wali na mianzi."

"Tena?"

"Ungekuwa hai ningechinja bata."

Cheng Delu alikufa kwa kuhara huko Hangzhou alikoenda kuuza chai. Tangu wamzike, kila jua likizama anakuja, anakula, anarudi kaburini. Mama yake alilalamikia kitu kimoja tu: matope anayoingia nayo.

Jioni hiyo hakuja peke yake. Nyuma yake alisimama msichana mwembamba, nywele zinachuruzika maji. Huyo alizama mtoni kabla hajaolewa.

"Mama, huyu mke wangu," Delu alisema. "Tumeoana juzi, kule kwetu."

Mama mkwe akamzunguka yule msichana, akamtazama kiuno, akapiga makofi. "Huyu atazaa! Cuihe, nyanyuka, mpishe mwenzio akae. Na mletee taulo."

Cuihe akampisha, akaleta taulo. Lakini kichwani hesabu ilikuwa inapigwa. Kulikuwa na mwanaume anaitwa Shuigen, kafiwa na mkewe, muuza tofu, jibini za soya, zile za kwao zinazovundikwa mpaka ziote manyoya meupe kama paka mdogo. Alishamtuma mshenga mara mbili, na mara zote mbili mshenga alirudi kaloa maji ya vyombo aliyomwagiwa na mama mkwe. Sababu ilikuwa lango. Mjane akikaa miaka kadhaa bila kuolewa tena, Kaizari anaruhusu ukoo wa mumewe ujenge lango la mawe la heshima kwenye njia ya kijiji. Ukoo wa Wang, hapo jirani, wanayo mawili. Ukoo wa Cheng hawana hata jiwe.

"Mama," Cuihe alisema, "kama yeye kaoa, basi na mimi niacheni niolewe na Shuigen."

Vijiti vya kulia vikamdondoka mama mkwe. "Huna haya? Mumeo yuko hapa hapa mezani, unataja mwanaume mwingine mbele yake!"

"Mimi sina tatizo," Delu alisema huku anatafuna. "Mwacheni aende. Shuigen namjua, hapigi mtu."

"Wewe nyamaza. Umekufa."

Akaitwa Baba Mkubwa Boqian, mkuu wa ukoo. Alikuja na kiko chake, akasikiliza mpaka mwisho, akampongeza bwana harusi.

"Mwanaume ni mwanaume hata akiwa udongoni," alisema. "Ukoo unaongezeka, juu na chini. Ila huyu akiolewa, lango ndiyo basi. Wale wa Wang tutawaangalia na uso gani?"

Kwa hiyo Cuihe akapewa karatasi nyekundu. Alikunja nyumba, mablanketi na gauni la bibi harusi, vikachomwa moto ili viwafikie wahusika. Kesho yake bibi harusi alikuja amelivaa lile gauni, mikono mirefu inamfunika vidole. Cuihe akachukua sindano, akampunguzia.

Ofisa wa wilaya alipokuja kuhakiki mjane, Delu aliambiwa abaki kaburini siku hiyo. Alikuja, tena na mkewe, maana bata alichinjwa na harufu ilifika mpaka makaburini.

Ofisa akanyoosha kijiti. "Huyu nani?"

"Marehemu," alijibu Baba Mkubwa.

"Na huyu?"

"Mke wake."

"Na yule anayepakua?"

"Mjane wake."

Ofisa akatikisa kichwa kukubali. Kila kitu kilikuwa sawa. "Marehemu, una la kusema?"

"Ninalo, mheshimiwa. Naomba mjane wangu aolewe."

"Maneno ya wafu hayapokelewi. Kuna mwingine mwenye neno?"

Cuihe akaweka upawa chini, akafungua mdomo.

"Nauliza wanaume," ofisa alisema, akaomba aongezewe bata.

Lango likajengwa. Mafundi walichonga mawingu, ndege korongo, na jina la Delu kubwa kuliko mlango wa nyumba. Watu wa Cheng walianza kutembea vifua mbele, hadi watoto. Shuigen alisubiri, akachoka, akaoa mwanamke wa ng'ambo ya mto. Machela ya bibi harusi ilipita chini ya lile lango, kwa sababu njia ya kijijini ni hiyo moja. Cuihe alisikia ngoma akiwa jikoni, akaosha mchele uleule mara ya pili.

Jioni yake wafu walikuja kama kawaida. Yule mke mdogo tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana. Alikaa karibu na jiko kukausha nywele.

"Dada, pale langoni wamekuandika vipi?"

"Mke wa Cheng, binti wa Hong."

"Si umeshinda njaa na baridi miaka yote hii? Jina lako mwenyewe liko wapi?"

"Halipo."

"Kwani unaitwa nani?"

Cuihe alikuwa hajaulizwa swali hilo tangu siku aliyoletwa hapo na machela.

"Cuihe," alisema. "Naitwa Hong Cuihe."

"Unaongea na nani huko, we mjane?" mama mkwe alifoka kutoka chumbani.

"Na mke wa mume wangu, mama."

"Haya. Nilidhani mwanaume."