Mkono Uliobaki Nyumbani

Kutoa mkono chini ya mtoto aliyelala ni kazi ya fundi. Unavuta kidogo, unasubiri apumue, unavuta tena. Na aliyewahi kulea anajua kwamba mtoto hufumbua macho pale pale unapodhani umefaulu. Asubuhi hiyo mama huyu alikuwa amechelewa, binti yake wa miezi minne amelalia mkono wake wa kushoto, na sufuria ya chai inafurika jikoni. Akavuta. Mwili ukaja, mkono ukabaki.

Uliachia kwenye kiwiko, bila damu wala maumivu. Mama aliusubiri kidogo aone kama utamfuata. Haukumfuata. Ulijiweka vizuri chini ya shingo ya mtoto, vidole vikaanza kumpigapiga begani. Basi akazima jiko, akakunja mkono mtupu wa blauzi, akaubana kwa pini na kwenda kazini.

Afanyeje? Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, na yaya aliyepatikana alitaka mshahara unaokaribia wa mama mwenyewe. Mume alikuwa mlinzi wa usiku. Alirudi alfajiri, akatia kitu tumboni, akalala usingizi wa pono hadi jua lilipopoa. Mshahara wake uliishia kwenye kodi ya chumba. Wa mke ndio ulionunua unga, maziwa, sabuni na kila kitu chenye tabia ya kuisha. Siku ya kwanza mume alipoukuta mkono ukibadilisha nepi, aliusalimia, akaugeuzia mgongo na kuomba ukunwe. Mkono ulimkuna mara moja tu, kisha ukamvutia shuka. Ulikuwa na kazi zake.

Kiwandani kwao, ambako hushonwa mashati ya shule, mtu huitwa kwa kipande anachoshona. Aliyekaa kulia kwa mama huyu aliitwa Mifuko, na yeye mwenyewe aliitwa Kola. Sasa kola ndiyo inayotoa watu jasho. Ikipinda kidogo tu, shati zima linaonekana limevaliwa na mlevi. Inataka mikono miwili, mmoja uongoze na mwingine uzungushe. Kola alibana shati kwa kidevu na kulizungusha kwa kiwiko, na siku hiyo ya kwanza alifika nusu ya kiwango cha kola alizopangiwa. Wiki haikuisha kabla hajakifikia chote. Baadaye akawa anawapita wenye mikono kamili, bandika bandua, na kola zake zimesimama wima. Nimeona mafundi wengi, lakini yule mwanamke, na wala simpambi, alikuwa kiboko.

"Dada," Mifuko alimwambia, "wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana."

"Wahenga hawakuwa na zamu ya asubuhi," Kola alijibu, uzi ukiwa menoni.

Chochote kilichoguswa na mkono kule nyumbani, yeye alikisikia kazini. Kuna wakati alitabasamu peke yake katikati ya mshono, na Mifuko akajua mtoto ameshika kidole. Tatizo lilikuwa moja. Mkono ule ulizoea kazi, kwa hiyo ulimbembeleza mtoto kwa mwendo wa cherehani: haraka haraka, kimya, haraka haraka tena. Mtoto akauzoea. Baba yake alipojaribu kumwimbia polepole, alimtazama kama mgeni aliyekosea mlango, akaangua kilio.

Kisha msimamizi wa mstari wao akastaafu. Meneja alipita kwenye mashine, akainua shati moja, akaikagua kola nje ndani.

"Hii nafasi ni yako, Kola," alisema. "Endelea hivi hivi mpaka Jumatatu nitangaze."

Kola aliitaka nafasi ile mpaka ikamnyima hamu ya kula. Si kwa ajili ya kuitwa bosi. Chumba chao kilikuwa na unyevu uliopanda ukutani hadi kimo cha kitanda, na mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Mshahara wa msimamizi ungewahamisha. Alikuwa ameshakiona chumba kingine, kikavu, chenye dirisha, na mwenye nyumba alikubali kumsubiri siku chache. Mshindani wake alikuwa mmoja tu, Mpiga Pasi, kijana mpole anayemaliza kazi mapema na kusimama mikono mifukoni. Naye alikuwa na mtoto mchanga, tena wa rika lile lile. Hakuna aliyewahi kumwuliza amemwacha na nani.

Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, kiganja kisichokuwepo kikaanza kumwunguza. Kola alisimamisha mashine. Alisubiri, labda ni chupa ya maziwa. Haikuwa chupa, kwa sababu kitu hicho kilikuwa kinahema. Akaenda ofisini.

"Mtoto ana homa," alisema. "Naomba niende."

"Nani kakupigia?"

"Hakuna. Nimemgusa paji."

Meneja alilikubali hilo bila ubishi. "Lakini mkono si uko huko tayari? Sasa wewe unakwenda kuongeza nini?"

"Sehemu iliyobaki."

"Mashati yanatoka leo, Kola. Ukiondoka, lile jambo letu la Jumatatu sijui nitalitetea vipi." Alisema kwa upole, na nadhani alimhurumia kweli, ila huruma yenyewe ilikuwa ya kukaa kwenye kiti.

Kola alirudi kwenye mashine. Akaimalizia kola aliyokuwa ameianza, maana hakuwa mtu wa kuacha shingo ya mtoto wa mwenzie ikiwa wazi. Kisha akapiga moyo konde, akavua aproni, akatoka.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa sakafuni na beseni la maji kando ya kitanda. Aliwakuta zahanati. Mume alikuwa amekaa kwenye benchi miguu mitupu, sikio moja limevimba kwa kufinywa na mkono hadi akaamka, mtoto mapajani, na mkono umekandamiza kitambaa chenye maji kwenye paji la mtoto. Kola alipoketi, mkono ulipanda wenyewe hadi kiwikoni. Akampakata mwanawe kwa mikono yote miwili na kulia kidogo, basi.

"Ni kifua," muuguzi alisema alipomaliza kumpima. "Dawa hizi zitamtuliza. Ila mtoeni kwenye hicho chumba chenye unyevu alichonieleza baba yake, mama."

"Tuko mbioni," Kola alisema.

Mume alimtazama. Alikuwa amelala sana maisha yake, lakini alielewa gharama ya mkewe kutoka kazini mapema. Alimbeba mtoto njia nzima, akampigapiga haraka haraka, kimya, haraka haraka tena, na mtoto akamkubalia.

Jumatatu homa ilikuwa imeshuka, na mkono ulibaki na mtoto nyumbani kama kawaida. Meneja aliwakusanya wafanyakazi katikati ya mashine. Alianza kwa kumsifu Kola. Alisema ni mfano kwa kiwanda kizima, na kila neno lilikuwa kweli. Kwa kuwa imethibitika kwamba kiwango kinafikiwa kwa mkono mmoja, aliendelea, ofisi imeona vema kukipandisha kwa wote. Wenye watoto wachanga wanaruhusiwa kuacha mkono nyumbani bila kuomba ruhusa. Kina mama kadhaa walikuwa wameshaanza. Hata Mifuko alikuwa amekuja na wa kushoto tu, maana wa kulia ulikuwa umegoma kumwachia mwanawe wa mwisho.

"Ila msimamizi," Meneja alisema, "lazima awe mtu ambaye yuko hapa mzima mzima." Akamwita Mpiga Pasi.

Kijana akajitokeza kwa haya, akitoa mikono mifukoni. Meneja akaomba makofi.

Kola alimpenda yule kijana, hakuwa na kosa naye. Aliinua kiganja, kikakosa mwenzie hewani. Mifuko, bila kugeuka, akainua chake. Viganja vikakutana, vikalia. Nyuma yao kina mama wengine wakageukiana wawili wawili, kila mmoja akimkopesha mwenzie upande uliopungua, na makofi yakajaa karakana yote. Kola alipiga kwa nguvu, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta kwa kuwa mkono ulikuwa kazini.

Kisha wakaachiana, wakarudi kwenye mashine. Kiwango kipya kilianza saa ile ile.