Kadi Aliyoifunga Thobias

Scola alifika dukani kwa Leodgar, fundi wa kompyuta pale Ujiji, saa tatu asubuhi, pindo la kitenge bado limelowa maji ya ziwa. Alikuwa ametoka Mwamgongo na boti ya alfajiri. Kwapani alibana mfuko wa nailoni wenye vyeti vya binti yake, Agnesi. Chuo cha uuguzi kilipokea maombi kwa mtandao tu, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo, saa kumi kamili ya jioni. Simu ya Scola ilikuwa ya tochi, ya kupigia na kupokelea, basi.

"Kaa hapo mama," Leodgar akasema, akavipokea vyeti na kuvipanga mezani kwake. "Dakika tano."

Akawasha kompyuta. Ikawaka vizuri, ila mtandao hakuna.

Jana yake mashine ilimwomba ruhusa ya kujisasisha, naye akabonyeza ndiyo, kama anavyobonyeza siku zote. Sasisho lile lilileta kiini kipya cha mfumo, kile ambacho mafundi wanakiita kerneli. Leodgar hakuwaza kwamba hilo ndilo lililomponza. Aliwaza vumbi. Akazima, akafungua boksi la mashine, akachomoa kadi ya mtandao, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Kitaa cha kadi hakikuwaka. Akahamishia tundu la pili. Akageuza antena upande wa mnara. Wapi.

"Mzee Leodgar, leo unaisugua hiyo mashine kama sufuria la ubwabwa!" Shadia akapiga kelele barazani, alikokuwa akikaanga mihogo.

"Geuza mihogo yako inaungua, mwanamke wewe."

Scola akacheka kidogo, kwa adabu, akatazama saa ya ukutani.

Saa tano Leodgar akaita orodha ya vifaa kwenye kioo, na kadi ikatokea humo kwa jina lake kamili. Maana yake haikuwa imekufa. Iliyokosekana ni draiva yake, ile programu inayoiwezesha kadi kuongea na mashine. Na alijua draiva ile iliwekwa na nani.

Mwaka ule radi ilipopiga na kuunguza tundu la waya wa mtandao, aliyeitafuta kadi hii ni Thobias, kijana aliyejifunza ufundi kwake kwa miaka minne. Kadi ilikuwa ya kizamani, mfumo haukuijua, ikabidi Thobias aitengenezee draiva kwa mkono, siku mbili nzima. Baadaye kijana akaja kuaga ili akafungue duka lake Mwandiga. Alikuja kama inavyotakiwa, na dumu la mawese, aombe baraka za mwalimu. Leodgar alilisukuma dumu kwa mguu. "Nenda. Tutaona utafika wapi."

Akafungua daftari la dukani. Maelekezo yalikuwepo, kwa mwandiko wa Thobias. Mstari wa kwanza ulisema mafaili ya kuundia draiva yashushwe upya kutoka mtandaoni. Leodgar akalifunga daftari kwa kishindo.

"Baba," Scola akaita polepole. "Eti lile duka la ng'ambo ya barabara nalo linafanya kazi hizi?"

"Wale watoto? Watakuharibia jina la binti, vyeti virudi. Nimeshaishika kazi yako mama, niachie niimalize."

Scola akaanza kuukunja mfuko wake mtupu. Kazi ikishakuwa mkononi mwa fundi, watu wa huku hawaiondoi mpaka mwenyewe aseme imenishinda. Ukiiondoa, umemvua nguo mbele za watu. Leodgar alijua mama huyu hawezi kumvua nguo, na kwa kulijua hilo akamkalisha.

Boti ya mchana ya kurudi Mwamgongo ikaondoka ufukweni Kibirizi bila Scola. Saa nane ikapita. Leodgar aliandika amri alizozikumbuka na asizozikumbuka, akafuta alichofuta, akatukana kwa Kiha. Saa tisa na nusu Scola alikuwa amesimama, mfuko mtupu wa nailoni ameukunja mpaka umekuwa kama kamba.

Ikafika saa kumi kasorobo. Leodgar akatoka nyuma ya duka na simu.

"Shikamoo mwalimu," Thobias akasema, kama vile walionana jana.

"Marahaba. Kadi yako imekataa. Niliisasisha mashine."

"Ah! Kerneli ya zamani, ile niliyoiundia draiva, bado imo humo, mwalimu. Zima, uwashe huku umeshikilia kitufe cha Shifti. Itakuja orodha, chagua ya zamani. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Alikimbia. Mashine ile kuukuu iliwaka taratibu kama kawaida yake, dakika zikikatika. Orodha ikaja, akachagua. Kitaa cha kadi kikawaka kijani, kikaanza kupepesa. Akaandika anwani ya chuo, ukurasa ukafunguka, umeandikwa maneno machache: maombi yamefungwa. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika nne.

Scola hakujua kusoma vizuri, lakini uso wa fundi aliusoma. Akaviokota vyeti kimoja kimoja, akavirudisha kwenye mfuko.

"Baba, ningeviondoa asubuhi, ungekasirika?"

Leodgar akatafuta uongo, akaukosa.

"Ningekasirika."

"Ego," Scola akaitikia ndiyo kwa Kiha. "Asante kwa kazi."

Akashuka barazani. Shadia alimpa muhogo kwenye gazeti, naye akaupokea bila kuutazama.

Simu ikalia.

"Mwalimu, imekubali?"

"Imekubali."

"Afadhali. Na mteja? Kazi yake imeenda?"

Leodgar alikuwa bado anakiona kile kitenge, kimeshakauka, kinapotelea kwenye kona ya soko.

"Imeenda," akasema, akakata simu.