Mvua ya Kobe

Siku Kobe alipozikwa, mwanga wa asubuhi uliingia katika chumba cha vyura kama kawaida yake, ukagonga matangi ya kioo, ukatulia juu ya majani mabichi. Vyura arobaini wakautazama. Hakuna aliyeimba.

Walikuwa wadogo, wa manjano kama kiini cha yai, na ndio pekee waliobaki duniani. Ugonjwa ulipita kwenye kijito chao bondeni, ukaacha hawa tu, waliookolewa kwa ndoo. Wakizeeka bila kuzaa, basi, wamekwisha.

Kobe ndiye aliyewatunza. Jina walimpa wenzake kazini, kwa mwendo wake. Mkewe alikula naye chakula kilichopoa miaka ishirini na moja, akinung'unika, akicheka, akinung'unika tena.

Baada ya mazishi, daktari wa wanyama, rafiki wa marehemu, aliweka bomba linalonyunyiza maji lenyewe. Saa mbili kamili, mvua. Saa mbili na robo, imekatika. Miezi mitano mvua haikukosa hata siku moja, na yai halikuonekana hata moja. Chumba kimya, kimya cha kitanda kilichobaki na mto mmoja.

Mjane akaja kuchukua viatu vya mpira vya mumewe, na kopo lake la kunyunyizia, alilolitoboa kwa msumari. Bomba likakohoa, saa mbili kamili. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kuna nini, shemeji?" daktari akauliza.

"Kobe alikuwa ananyunyiza saa ngapi?"

Daktari akakuna kichwa. Akakiri kuwa ni pale alipokumbuka. Pengine siku nne zinapita kavu, halafu anamwaga mpaka maji yanafika koridoni. Yeye na Kobe walishagombana sana kwa hilo.

"Sasa wewe umeona wapi mvua iliyovaa saa?"

Bomba likafungwa. Mjane akavaa vile viatu, vikubwa, plapu, plapu, akaacha chumba kikauke. Siku ya pili, ya tatu, ya tano. Daktari anapita akiuma kucha. Mjane anafuma sweta. Siku ya sita akainua kopo, akamwaga kama anayemwagia shamba, akamwaga huku akimsema mumewe kwa mapenzi: chelewa, baba, chelewa tu.

Chura mmoja akasema krii. Wa pili akajibu. Kufika mchana watu hawasikilizani, na daktari, mtu mzima mwenye mvi, anarukaruka koridoni.

Kesho yake mayai yalikuwa yameng'ang'ania chini ya majani, maangavu, kila moja na nukta yake nyeusi. Nukta zikawa viluwiluwi, viluwiluwi wakaota miguu, mikia ikayeyuka.

Waliachiwa siku ya jua, kando ya kijito kilichopimwa mara tatu kikaonekana salama. Wakaruka kutoka viganjani mwa mjane, na mwanga majini ukavunjika, ukaungana, ukavunjika tena.

Sasa bondeni wapo mia tatu na sita. Wa mwaka huu wamezaliwa huko huko.