Chungu cha Rosa Kiden katika Nyumba ya Mitambo

Rosa Kiden alishuka kwenye lori la tumbaku karibu na soko la Arua, akakung'uta vumbi la barabara ya Koboko kwenye kitenge chake, akaenda moja kwa moja kutazama kiwanja chake. Ndivyo alivyozoea. Kila alipopata nafasi ya kutoka Lobule, alikokuwa akilima pamoja na dada yake Paska, alipita kwanza kiwanjani, akakoroga kunde, akaketi kidogo, ndipo akaenda kununua sabuni na chumvi. Safari hii alikuta ukuta.

Ulikuwa ukuta wa matofali ya kuchoma, umefika usawa wa madirisha, na vibarua walikuwa wanamwaga zege la sakafu. Katikati walikuwa wameacha tundu la mraba. Ndani ya tundu lile yalikuwapo mafiga yake matatu, moto unawaka, na juu yake chungu chake kinatokota vilevile alivyokiacha. Kibarua mmoja alimwomba asogee kidogo, toroli lipite.

Chungu kile alikiteleka mwaka wa sabini na tisa, asubuhi ambayo nusu ya mji ilikimbia. Mumewe, Yugu, alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Alikuja mbio akasema wavuke mpaka waingie Zaire sasa hivi, maana hao askari washindi waliokuwa wanakuja hawangeuliza nani aliendesha lori na nani alipiga bunduki. Rosa akainama kuepua chungu, Yugu akamshika mkono. Kwao mwanamke anayehama huepua chungu kwa mkono wake mwenyewe. Akikiacha motoni, ametoka tu, atarudi.

"Acha," Yugu alisema. "Sisi iko narudi."

Basi wakaondoka na kunde hazijaiva. Nyumba ilichomwa, mabati yakachukuliwa, majani yakaota mpaka kiunoni. Moto haukuzimika. Mvua ilinyesha pembeni yake. Waliorudi mapema walikuwa wakija kuchukua makaa pale viberiti vilipoadimika, na miaka ya njaa walizila zile kunde hivyohivyo na ugumu wake, na chungu hakikupungua. Wote walijua ni chungu cha mke wa Yugu, na walimwambia hivyo Rosa aliporudi, wakamshukuru. Kujua kwao hakukumfaa kitu baadaye.

Yugu hakurudi. Alikufa kwa homa upande wa pili wa mpaka, akazikwa kwenye shamba la kahawa la watu, na kabla ya kukata roho alimshika Rosa kitambaa cha kichwa akamwambia asimwache kwa wenyewe. Alitaka kulazwa nyuma ya jiko lake, mahali alipokuwa akinyolea ndevu. Rosa aliahidi. Miaka ikapita akiwa anatafuta uwezo wa kujenga japo chumba kimoja cha udongo, kwa sababu aliona aibu kumleta mume wake kwenye majani. Aibu hiyo ndiyo iliyompa Enoch Draku muda wa kutosha.

Enoch Draku alikuwa mfanyabiashara, mtu wa tabasamu na kalamu mbili mfukoni. Maofisa wa ardhi walikuwa wamekiona kiwanja kile hakina nyumba, wakaandika hakina mwenyewe, wakampa. Naye hakukipata ili aweke duka la sukari. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kufika, na kila kampuni ilitaka nyumba yake, mnara wake na jenereta lake katikati ya mji. Enoch akawaambia, ya nini? Yeye atajenga nyumba moja, kila kampuni ipange kabati zake za mitambo mle ndani, waya wa huyu upite kando ya waya wa yule, na mwenye nyumba asiwe upande wa yeyote. Aliiita nyumba isiyo na upande. Katika mji ambao watu walikuwa wameulizwa upande wao kwa mtutu kifuani, maneno hayo yaliingia masikioni vizuri. Mchungaji aliiombea, shehe akaiombea, na Marino, mwenyekiti wa mtaa, akakata utepe.

Lakini kabla ya utepe, Rosa alikwenda kumwona Enoch.

"Mama, mimi najua hii chungu iko yako," Enoch alimwambia, na akamletea kiti. "Hakuna mutu nakataa. Chungu iko yako, kiwanja iko yangu. Epua tu, uende nayo."

"Nikiepua, nimehama."

"Lakini wewe ulihama zamani, mama."

"Mimi nilitoka tu."

Enoch hakugomba. Aliita vibarua waepue wao. Walikuja na mitaimbo, wakasukuma, wakabinua, wakatoka jasho, na chungu hakikutikisika, wala kunde hazikumwagika. Hawakushangaa, hakikuwa chao. Walirudi kwenye zege lao.

Rosa alikwenda kwa Marino. Marino alisema haki yake anaiona wazi kabisa, ila yeye ni mwenyekiti wa watu wote na hawezi kushika upande. Mchungaji alisema vivyo hivyo, kwa sauti ya chini zaidi. Rosa alitoka kwa mchungaji na hasira, akasimama barabarani, asijue aipeleke wapi.

Nyumba ikaisha. Mitambo ikaletwa kwa malori, kabati ndefu za chuma zenye taa ndogo za kijani, zikapangwa kuzunguka tundu. Mitambo huogopa joto kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo Enoch alifunga viyoyozi, kisha akaongeza vingine, na jenereta likawa linakunywa dizeli bila kushiba. Chumba kile kikawa mahali penye baridi kuliko pote Arua, isipokuwa pale katikati. Kampuni zililalamika juu ya moto, zote kwa pamoja, na Enoch alijivunia kwamba zimekubaliana.

Alimtumia Rosa ujumbe Lobule. Aepue chungu, moto utoke, naye atampa mzee Yugu mahali pa kulala, nyuma ya jenereta. Paska alisema akubali. Rosa alikataa. Mtu hawezi kumzika mume wake nyumbani mahali ambapo yeye mwenyewe amehama, alisema, na Paska akaguna tu, akaendelea kumenya muhogo.

Kisha kunde zikaanza kushika chini. Kwenye majani hazikuwahi kuungua, lakini humo ndani, pengine kwa upepo mkavu wa viyoyozi, zilishika, moshi ukapanda, kengele za hatari zikalia, mitambo ikajizima yenyewe, na watu wakabaki na simu bubu masikioni kuanzia kijiji cha Kuluva hadi kile cha Kuluba. Ikatokea mara ya pili. Enoch akamwita Rosa, akampa ruhusa ya kuingia kukoroga.

Rosa akapanga chumba Arua, kwa mama mmoja muuza unga aliyeitwa Driwaru. Kila asubuhi alipita langoni kwa Sule, askari, akavaa sweta aliyoazimwa, akaketi kwenye kigoda katikati ya kabati, mgongo unaganda, magoti yanaungua. Alikoroga. Saa ya chakula mafundi wa kampuni zote walikuja na sahani zao. Walikuwa vijana wazuri, hawakuwa na dharau.

"Mama, leo hakuna simsim?" Jale, mmoja wao, alimwuliza.

"Iko. Ngoja nasaga."

Alizitia ufuta uliosagwa, na kunde zikawa tamu ijapokuwa bado zilikuwa ngumu kidogo. Walimwita mama mwenye nyumba, kwa mzaha na bila mzaha. Kuna siku Rosa alijikuta anaimba. Alifurahi kuwa jikoni kwake, na furaha hiyo ilimuuma, kwa kuwa Yugu alikuwa bado yuko kwa wenyewe.

Vita vikaanza tena upande wa pili wa mpaka. Adhuhuri moja Duku, mdogo wake Yugu, alifika langoni na baiskeli, amevuka mpaka kwa njia ya panya. Nyuma amefunga sanduku la mbao kwa mpira. Mwenye kahawa alikuwa anauza shamba akimbie, na mnunuzi hakutaka kaburi. Duku akamchimbua kaka yake kwa mkono.

Sule alisimama mbele ya baiskeli.

"Hii mzigo iko ya kampuni gani?"

"Iko ya Yugu."

"Yugu haiko kwa kampuni yetu," Sule alisema, na kusema kweli alisikitika.

Rosa aliitwa. Aliliona sanduku, akalishika, akaona lilivyo jepesi. Alikuwa amelia miaka mingi na alidhani amemaliza, kumbe hajaanza. Duku alimwacha alie, kisha akasema, "Shemeji, mimi narudi leo. Watoto iko peke yao, na risasi iko karibu. Nambie tu nachimba wapi."

Enoch alikuwapo siku hiyo, anapima joto la chumba. Rosa alimfuata akiwa bado anafuta macho.

"Ile maneno yako ya nyuma ya jenereta. Iko bado?"

"Iko, mama. Moto ikitoka, mzee napata nafasi. Leo leo."

Rosa aliingia. Mafundi walisogeza viti vyao. Alikunja kitenge mara mbili, akakizungushia ukingo wa chungu, akataja jina la mama yake, akanyanyua. Kikanyanyuka. Hakikuwa kizito hata kidogo. Kilikuwa chungu cha kunde cha kawaida, cha familia ya watu wachache. Akasimama nacho mikononi katikati ya ile baridi, na kila mtu mle ndani alielewa kwamba amehama. Jale alivua kofia.

Moto uliendelea kuwaka.

Enoch alitazama kipima joto, akangoja. Akatazama tena. Fundi alimwaga ndoo ya maji, maji yakapita pembeni ya mafiga yakatafuta mlango. Mwingine akaleta mchanga. Moto ukawaka katika mchanga kwa utulivu, bila kuni, kama ulivyowaka miaka yote.

"Pole, mama," Enoch alisema. "Sisi tulipatana juu ya moto. Joto iko pale pale."

"Nimeepua."

"Umeepua, nimeona. Mimi sikatai. Lakini nikimpa mzee wako ardhi bure, kampuni zitasema nimeshika upande. Hii nyumba haina upande." Aliyasema hayo kwa huruma, akamshika bega, akatoka kwenda kuagiza kiyoyozi kingine.

Rosa alibaki na chungu. Joto lilikuwa linapenya kitenge likifika viganjani. Dirishani alimwona Duku amekaa chini kando ya baiskeli, mkono mmoja juu ya sanduku, anaangalia jua lilipofika. Alifikiri: nikirudisha chungu sasa hivi, kabla hakijapoa, itakuwa sijaondoka. Itakuwa nimeepua kidogo tu, kuongeza maji. Nani atabisha?

Akageuka kwenye mafiga. Jale alikuwa ameteleka birika. Hakuwa na ubaya wowote. Aliona moto uko bure, na ile baridi ilikuwa inawatesa. Wenzake walikuwa wameshatoa vikombe, kampuni zote, wanaosha kwa zamu.

"Naomba moto yangu," Rosa alisema.

"Ngoja kidogo, mama," Jale alimjibu kwa heshima, akampisha kigoda akae. "Chai ichemke kwanza."

Rosa akakaa, chungu magotini. Nje Duku alisimama, akakaza mpira wa sanduku, akaigeuza baiskeli upande wa mpaka. Chai ikachemka. Wakateleka nyingine.