Bahasha Isiyo na Stempu

Mtoto wa Syokau alizaliwa Jumatatu ya Pasaka mwaka wa 1938, na kufikia Jumanne asubuhi nyanya zake wawili walikuwa wamegombana.

Mbula, mama ya Muli baba wa mtoto, alitaka mtoto aitwe Mwangangi. Muthoki, mama ya Syokau, alikuwa ametembea siku mbili kutoka milima ya Mbooni kuja kumtunza binti yake, na Mwangangi lilikuwa jina la mume wake mwenyewe. Mtu angedhani angefurahi. Hakufurahi.

"Jina la mzee wangu silikatai," Muthoki alisema huku akikoroga uji. "Lakini silitaki kama ni la kufunika kitu. Muli akiwa hai, mtoto ni Mwangangi. Muli akiwa amekufa, mtoto ni Muli. Hapa kwenu mnasema nini?"

"Tunasema yuko hai. Barua iko."

"Na ile nyingine?"

Mbula alichukua jembe akatoka nje, ingawa shamba lilikuwa na matope na hakuna mtu angelima siku hiyo.

Kisilu, mtoto wa kwanza, alikuwa amebeba jina la babu wa upande wa baba. Kwa huyu wa pili zamu ilikuwa ya upande wa mama. Lakini katika nyumba ya Mbula, mtoto aliyezaliwa baba yake ameshakufa alipewa jina la baba, na jina la baba aliye hai halikupewa mwanawe hata kwa mzaha. Jina lilitolewa siku ya tatu. Kwa hivyo Jumatano, mbele ya wanawake wote wa jirani, nyumba hiyo ingesema kwa kinywa chake kama Muli yuko au hayuko.

Barua zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuja mwisho wa Februari kutoka kwa mzungu aliyekuwa mwajiri wa Muli, fundi huko Malakal, Sudan, mahali ndege za barua zilipotua juu ya mto kutia petroli. Muli alikuwa mpishi wake, na mara ya mwisho alikuja nyumbani likizo Julai iliyotangulia. Mzungu aliandika kwamba Muli alishikwa na homa, akafa tarehe sita Februari, akazikwa huko huko. Mbula alilia, akanyoa nywele, akakaa matanga.

Ya pili ililetwa Aprili, mvua ikinyesha, na mwinjilisti Musyoka, ambaye kila wiki mbili alichukua barua za watu Kitui kwa baiskeli. Ilikuwa na mwandiko wa Muli mwenyewe, wa penseli kama kawaida yake, bila tarehe kama kawaida yake. "Mama, nilikuwa mgonjwa sana lakini sasa nimepona. Ninakula. Mwambie Syokau nimesikia habari ya kikohozi cha Kisilu, ampe asali." Musyoka aligeuza bahasha, akakuta muhuri wa posta nyuma, akasoma kwa sauti: tarehe mbili, mwezi wa nne.

"Amekufa Februari, ameandika Aprili?" Musyoka aliuliza watu. "Mzungu amechanganya wapishi!" Jumapili iliyofuata kanisa zima lilisimama kutoa shukrani, na Mbula aliimba mpaka sauti ikakauka.

Kasoro ilikuwa moja tu. Bahasha ilikuwa haina stempu. Mbula alijua nani anapenda stempu. Mahamud, Msomali mwenye duka pale Kwa Vonza, alikuwa akikusanya bahasha za barua za ndege. Miaka mitatu Mbula alimpelekea zote za Muli, na kwa kila moja alipewa kibaba cha chumvi. Sasa akasema waziwazi, watu wakisikia, kwamba Mahamud amemtuma Musyoka amwibie stempu. Musyoka aliapa. Mahamud hakutuma jibu. Tangu siku hiyo Mbula alinunua chumvi kwingine.

Alipochoka kusimama shambani alirudi ndani. Syokau alikuwa macho, mtoto kifuani.

"Mwaitu," Syokau alisema, kama Wakamba wamwitavyo mama, "kile kikohozi cha Kisilu."

"Kimefanya nini?"

"Kilikuwa cha Desemba, tukipalilia kunde. Nilimwandikia wakati ule. Mwisho wa Januari nikamwandikia habari ya mbuzi waliokufa, na habari ya huyu tumboni, niliyokuwa nimeiweka mpaka tumbo likomae. Mbona barua ya Aprili inauliza kikohozi na haiulizi huyu?"

"Wanaume husahau."

"Muli hasahau mbuzi."

Mbula alimtazama. Msichana huyu alikuwa ameimba pamoja nao kanisani, na kumbe muda wote alikuwa na swali hili. "Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umeanza kula tena," Syokau alisema. "Lakini kesho ni mtoto wangu anayepewa jina. Nataka kujua, mwaitu. Hata kama ni vibaya."

Mbula alitia bahasha ndani ya kiondo, akajifunika gunia kichwani, akashika njia ya Kwa Vonza. Ni mwendo wa saa mbili kukiwa kukavu. Siku hiyo zilikuwa tatu.

Mahamud alikuwa akipima sukari. Alipomwona aliweka kijiko chini.

"Mama Muli. Umelowa. Abdiya! Leta chai."

"Sikuja kunywa chai."

"Hata mwizi ana ruhusa ya kukaribisha mgeni," Mahamud alisema. Hakucheka, lakini mke wake Abdiya, aliyekuwa akitoka na birika, alicheka kidogo kisha akajizuia.

Mbula alikaa juu ya gunia la mahindi. Hakuomba msamaha, hakujua bado kama ana kosa. Alitoa bahasha akaiweka juu ya meza. "Wewe unazijua hizi. Niambie iliandikwa lini."

Mahamud alifuta mikono kwa shuka yake, mara mbili. Hakuishika bahasha kwanza. Aliinama akaitazama bila kuigusa, akapumua kwa nguvu, kisha akainuka.

"Nikuambie neno moja kabla ya yote," alisema. "Bahasha hii naitaka. Nimetafuta ya namna hii miaka mitano. Nakuambia sasa ili nikimaliza kusema, usifikiri nimesema hivyo ili niipate. Hata ukirudi nayo nyumbani, maneno yangu ni yale yale."

"Sema."

Alileta kopo la biskuti. Ndani yake bahasha zilipangwa kwa miaka, kila moja imekunjwa ndani ya karatasi safi. Alitoa saba, akazipanga mezani mbele ya Mbula. Zilikuwa za Muli. Mbula alikuwa hajaziona tangu azitoe, na alishangaa kuona hakuna hata moja iliyokatwa stempu. Ngamia na mpanda ngamia wake, picha ya stempu za Sudan, walikuwa bado wanakwenda kwenye kila kona.

"Nilidhani unataka stempu."

"Stempu pekee ni karatasi. Ukiikata umekata na muhuri, na muhuri ndio habari." Alivuta kiti. "Ndugu yangu Hared anatia makaa kwenye tanuru la meli. Anaandika kama mwanao, hana tarehe, hana mahali. Mama yetu alikuwa analia, yuko wapi, yuko wapi. Nikajifunza kusoma mihuri nimwambie. Nilianza hivyo. Sasa tazama."

Alimwonyesha ya kwanza. Mbele, juu ya stempu, muhuri wa Malakal: siku barua ilipoingia posta. Nyuma, muhuri wa Nairobi: siku ilipofika. Alimwonyesha ya pili, ya tatu, hadi ya saba. Mbele kuondoka, nyuma kufika. Kati yake siku tatu, siku nne, mara moja siku sita.

"Musyoka alisoma wapi?"

"Nyuma," Mbula alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alisoma siku ya kufika. Hana kosa, mbele hakuona tarehe ya kusoma. Aliona karatasi imejikunja, akadhani ni mvua ya njiani."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Mvua haitoi stempu namna hii." Sasa aliishika bahasha, kwa ncha za vidole. "Ona hapa, wino wa anwani umekimbia wote, jina lako halisomeki vizuri, penseli ya ndani tu ndiyo imebaki. Hii imelala ndani ya maji siku nyingi. Gundi ikayeyuka, stempu ikaondoka yenyewe. Na hii rangi ya zambarau iliyofifia ni muhuri mwingine, wa Kiingereza. Unasema barua imeharibiwa na maji, imeokolewa. Karani mmoja wa posta Nairobi, tunabadilishana bahasha, aliniandikia kwamba Januari ndege ya barua iligonga gogo mtoni, ikazama. Mifuko ilitolewa baadaye, barua zikaanikwa moja moja. Nyingine zilikaa miezi miwili."

Mbula alikuwa akitazama ngamia. "Januari," alisema.

"Subiri. Sitaki uchukue neno la karani." Aligeuza bahasha kwenye mwanga wa mlango. "Wino wa muhuri una mafuta, maji hayauondoi. Nusu ya muhuri ilikwenda na stempu. Nusu iliangukia bahasha, hii hapa." Aliweka bahasha ya saba kando yake, muhuri mzima karibu na nusu muhuri, ili Mbula alinganishe duara na duara. "Namba unajua kusoma. Soma."

Mbula alisogeza uso. Alama ilikuwa hafifu kama kovu la zamani. "Moja na tisa. Kumi na tisa."

"Na herufi zinazofuata ni J na A. Kwa Kiingereza mwezi unaoanza hivyo ni mmoja tu."

Nje mvua ilikuwa imepungua. Mbuzi wa mtu walipita wakilia. Mbula alihesabu mwenyewe, hakungoja kuhesabiwa: kumi na tisa Januari barua, sita Februari homa. Barua ilikuwa imetangulia, ikalala majini, ikafika nyuma ya habari ya kifo.

"Basi mzungu hakuchanganya wapishi," alisema.

"Hapana, Mama Muli. Inna lillahi. Pole sana."

Abdiya aliweka kikombe mkononi mwake na kumfungia vidole juu yake kama anavyofungiwa mtoto. Mbula alikunywa chai yote. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ukingo wa leso. Alikuwa amelia kilio hiki tayari mwezi wa pili, na kukirudia ilikuwa kama kubeba mtungi ule ule kupanda kilima kile kile.

Alipoinuka, Mahamud alikusanya bahasha zote nane. "Chukua. Ni za mwanao. Hata hizo saba, sikujua nanunua nini."

Mbula alizitazama. "Kwangu kuna mchwa," alisema. "Walikula Biblia niliyoazimwa na Musyoka mpaka Zaburi. Barua nitaweka mimi. Bahasha weka wewe, pamoja, usizitenganishe. Wajukuu wakikua watakuja kuona."

"Waje wakati wowote."

"Na nilikuita mwizi mbele ya watu. Nitakuondolea mbele ya watu."

"Chumvi bado ipo," Mahamud alisema. Alianza kuipima, na Mbula hakumzuia.

Jumatano asubuhi wanawake walikuja na unga na kuni, kumi na wawili, wote wa kanisa. Walikuwa wamevaa vizuri na walizungumza kwa furaha, kwa sababu walidhani wanajua jina, Mwangangi. Muthoki aliosha mtoto akampa Mbula. Hakumuuliza kitu, alikuwa ameuona uso wake tangu jana.

Mbula alimwinua mtoto. "Huyu ni Muli," alisema.

Mmoja alisema, "Mama Muli, lakini barua..."

"Barua iliandikwa Januari. Ilichelewa. Mahamud amenionyesha na nimesoma kwa macho yangu. Hakuniibia kitu, nilimsingizia. Jumapili Musyoka atasema kanisani, na asiposema nitasimama mimi." Akamwinua mtoto tena. "Nimesema huyu ni Muli."

"Muli," Muthoki alisema kwanza, kwa sauti kubwa. Kisha wengine, mmoja mmoja, sauti zimevunjika.

Walipomrudisha mtoto kifuani, Syokau alimshika mkono Mbula kabla hajaondoka.

"Tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa."

Syokau alihesabu kwa vidole, polepole, akaanza tena kwa mkono mwingine, mpaka sita Februari.

"Siku kumi na nane," alisema. "Basi hakudanganya. Alikuwa amepona kweli, mwaitu. Alikuwa anakula."

"Alikuwa anakula," Mbula alisema, akaketi kando yake.