Toa Nne

Mizani ya chumba cha wajawazito, katika zahanati ya Daktari Twalha pale Kerege, ilikuwa na uongo wake, na uongo wenyewe ulikuwa wa kilo nne. Ilianguka kutoka kwenye bodaboda siku walipokwenda Mbegani kuchanja watoto, na tangu hapo mshale wake ukawa unapumzika kwenye nne hata kama hakuna aliyeipanda. Skrubu ya kuurudisha ilivunjika. Daktari aliahidi kununua mizani mpya, na ahadi za Daktari zilijua kusubiri. Basi wauguzi wakazoea: mama anapanda, unasoma, unatoa nne, ndipo unaandika. Bi Maulida, muuguzi mkuu, ndiye aliyemfundisha hivyo kila aliyekuja kujitolea, Zuwena akiwamo.

Zuwena wa Zinga alijitolea miezi minane akingoja nafasi ya ukunga itangazwe. Alikuwa mnene, na hakujificha nyuma ya mtu, maana nani angemtosha? Mama akilia na uchungu, Zuwena alimshika kiuno kwa mikono yake mipana na kumwambia, "Sukuma, mama, huyo ni mpangaji na mkataba wake umekwisha." Mama akajikuta anacheka katikati ya maumivu, na kicheko hakijaisha mtoto kashatoka. Wanawake walifika mlangoni wakiuliza kama yule mnene yupo. Wakiambiwa hayupo, wapo waliodai uchungu umepoa.

Nafasi ilipotangazwa, Bi Maulida alimwambia ashone sare kabisa. Zuwena akanunua kitambaa cheupe, fundi akamrudisha dukani kuongeza.

Hapo ndipo Daktari aliporudi kutoka semina Dar es Salaam, kitambi kikitangulia kuingia mlangoni, akatangaza kwamba muuguzi ni kioo cha afya, na kuanzia sasa hatamwajiri yeyote anayezidi kilo tisini. Wa zamani alisema atawafikiria baadaye. Hakuna aliyemuuliza yeye ana ngapi.

Siku ya usaili mizani ilihamishiwa ofisini. Daktari alikaa na kalamu, Bi Maulida akasimama kusoma. Wa kwanza kuingia alikuwa binti mwembamba, mpole. Mshale ulisimama kwenye sitini na mbili, na ulimi wa Bi Maulida, kwa mazoea tu, ukasema hamsini na nane. Kisha akaingia Zuwena. Alivua viatu, akapanda. Tisini na tatu.

"Ngapi?" Daktari aliuliza bila kuinua macho.

Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini wiki iliyopita Bi Maulida alijifungia chumbani akajipima, na baada ya kutoa nne zake zote alibaki na tisini na sita. Akisema themanini na tisa, Daktari atainua macho kuhakikisha, na akikumbushwa ubovu wa mizani ataagiza nyingine, na mizani mpya ikifika itataka watu wa kuijaribu.

"Tisini na tatu," akasema.

Zuwena hakushuka mara moja. Alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie kuzungumza. Kisha akavaa viatu, akashukuru, akatoka.

Miezi mitano ikapita. Binti mwembamba aliajiriwa, na hakuwa na kosa lolote. Ila chumba cha kujifungulia kilikuwa kimya. Kila siku ya kliniki Bi Maulida alipofika pale pa kutoa nne, kalamu yake ilisita. Jumamosi moja akabeba tende, akaenda Zinga.

Alimkuta Zuwena kibarazani kwa mama yake akiuza unga wa lishe, beseni limefunikwa kitambaa cheupe chenye kola. Zuwena akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akamvutia kigoda. Mteja alikuwa anasubiri. Zuwena akafuta kimizani chake, akangoja mshale utulie kwenye sifuri, ndipo akamimina unga.

Mteja alipoondoka Bi Maulida akasema yote, pamoja na zile tisini na sita.

"Najua kuhusu nne," Zuwena akasema. "Asubuhi ile nilijipima, nikatoa kama ulivyonifundisha. Niliingia na themanini na tisa zangu."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Mnene aseme mizani mbovu, Bi Maulida? Nani atamsikiliza?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Wewe ndiye ungesikilizwa. Na hata ungesema, ningepita mimi kwa kilo moja. Anayekuja nyuma yangu na tisini na mbili, mikono yake ina kasoro gani?"

Bi Maulida akamwambia Jumatatu kuna usaili mwingine, aje. Zuwena akazipokea tende kwa mikono miwili. Lakini kupanda tena, alisema, hapandi.

Jumatatu asubuhi, Daktari hajafika, Bi Maulida alifungua daftari la usaili. Kwa wauguzi kosa la maandishi halifutwi: unalipiga mstari mmoja, lisomeke bado, unaandika la kweli pembeni na kutia sahihi na tarehe ya siku hiyo. Akaipiga mstari tisini na tatu, akaandika themanini na tisa. Tarehe ilionekana wazi kuwa ya miezi mitano baadaye. Safu ya maoni ilikuwa na mwandiko wa Daktari mwenyewe: Uzito umezidi, hafai. Akayapiga mstari nayo, akaandika: Mkunga hodari. Kosa ni letu.

Kisha akavua viatu, akapanda mizani, akatoa nne. Kwenye mstari wa kwanza wa usaili mpya akaandika: Maulida Kibwana, muuguzi mkuu, tisini na sita. Akaliacha daftari wazi juu ya meza ya Daktari na kuirudisha mizani chumbani.

Mama wa kwanza alikuwa kashakaa kwenye benchi, mimba ya miezi minane. Akauliza kama yule mnene amerudi.

"Bado, mama," akasema Bi Maulida.

"Atarudi lini?"

Bi Maulida akampa mkono apande, akasoma, akatoa nne.